Wewe Mtoto wa Nani?

Ndege ilizunguka juu ya Utqiaġvik, Alaska, mara mbili, kisha ikageuza ikarudi Fairbanks. Rubani alisema upepo umeinua theluji, njia ya kutua haionekani. Tukakaa Fairbanks siku mbili kwa pesa zetu, maana hali ya hewa haihesabiwi kuwa kosa la shirika. Chumba dola 164 kwa usiku, blanketi moja, chai hakuna. Iliniuma, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa unaanza kulipwa siku nitakayoketi kitini, si siku niliyofunga begi.

Nimeishi Anchorage miaka kumi na moja, na sita kati ya hiyo nimepokea simu za dharura: polisi, zimamoto, gari la wagonjwa. Utqiaġvik walihitaji mtu wa kuziba pengo miezi mitatu. Nikakubali kwa sababu ya malipo. Mama yangu, aliyeko Muheza, nilimwambia naenda kaskazini kidogo.

Tulitua Desemba, saa saba mchana, na taa za barabarani zinawaka. Giza si totoro kama watu wanavyodhani. Adhuhuri yao ni ule mwanga wa nyumbani wa saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, buluu iliyokoza, mtu unamwona umbo bila kumjua sura. Unadumu saa chache, halafu unarudi usiku. Huu ndio mji ulio kaskazini kuliko yote Marekani, watu hawafiki 5,000, na hadi 2016 uliitwa Barrow. Jua huzama Novemba 18 hivi, likaja kuonekana tena karibu na Januari 23.

Sikutegemea kwamba kitakachonisumbua kwanza ni saa. Sisi saa zetu tunazihesabu kwa jua: likichomoza ni saa kumi na mbili, ukisema saa moja umeshaiona asubuhi. Kule nilikuwa nikiitazama saa ya ukutani na kichwa kinakataa kuitafsiri. Saa mbili ya nini, na jua halikutoka? Swala nilifuata ratiba ya Anchorage, ndiyo iliyonishika nisipotee kabisa.

Chumba nilichopewa kilikuwa cha moto hadi nikawa nalala nimefungua dirisha, nje nyuzi 30 chini ya sifuri. Mji una gesi yake ya ardhini, kwa hiyo ndani ya nyumba watu wanavaa fulana. Nyumba zenyewe zimeinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu ardhi imeganda mwaka mzima, na joto la sakafu likiifikia inalainika, nyumba inakaa upande. Chakula ndicho kilichonitoa machozi. Galoni ya maziwa dola 11. Machungwa manne, yamesinyaa, dola 9. Mimi ni mtu wa Muheza, ambako msimu ukifika machungwa yanaoza chini ya miti kwa kukosa mnunuzi. Nilisimama na yale manne mkononi nikamkumbuka baba, jinsi alivyokuwa akiwabembeleza madalali wamchukulie gunia kwa bei ya kutupa. Barabara ya kuingia mjini haipo. Mizigo mizito inakuja kwa meli kiangazi barafu ikiachia, na kila kinachooza upesi kinakuja kwa ndege.

Chumba cha mawasiliano kinahudumia North Slope nzima, eneo linaloizidi Uganda kidogo kwa ukubwa, lenye watu kama 11,000 katika makazi manane. Ukiwa kitini, Point Hope iko karibu kilomita 500 upande wa machweo, na Kaktovik kilomita 500 upande wa macheo. Ni kama kukaa Dar na kumtuma askari Iringa, lakini barabara huna.

Kazi yenyewe naijua. Swali la kwanza siku zote ni mahali, kabla hata ya kuuliza kuna nini. Simu ikikatika nikiwa najua mahali, nitatuma mtu. Ikikatika nikiwa najua shida peke yake, nimebaki na shida ya watu mkononi na pa kuipeleka sipajui.

Usiku wa kumi na mbili, saa tatu na dakika arobaini, upepo unavuma hadi vioo vinalia, simu ikaingia. (Mambo mawili matatu nimeyabadilisha, kulinda siri za watu.) Sauti ya mtoto wa kike, nikamkadiria miaka minane.

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

Kwenye ramani simu ilijionyesha kwa duara kubwa, limeufunika mtaa mzima wa Browerville.

"Nyumba namba ngapi?"

Kimya.

"Kuna nini hapo nyumbani?"

"Aana haamki."

Aana ni bibi. Hilo nilishalijua.

"Anapumua?"

Kimya. Nikasikia birika linachemka. Nikasikia redio ya upepo ya pale nyumbani kwao, ile ya kuitana, wanaume wawili wanaulizana hali ya njia. Mtoto hasemi.

"Unanisikia?"

Kimya.

Anchorage kimya cha namna hiyo kina maana zake: mtoto amekimbia, au kuna mtu amemsimamia. Nikaanza kufanya nilivyofundishwa, nikamwambia kama hawezi kusema abonyeze kitufe chochote. Hakubonyeza. Sekunde zinahesabika kwenye kioo, nimeshatoa taarifa kwa doria lakini nimewapa mtaa tu, na katika theluji ile mtaa ni sawa na kuwaambia watafute baharini. Mikono ilinitoka jasho.

Mwenzangu alikuwa amemaliza zamu, anavaa buti. Ni mama wa Kiinupiat, wenyeji wa asili wa kule, amekaa kwenye kile kiti miaka zaidi ya ishirini. Akaja na buti moja mguuni, akavaa visikilizi vya pembeni, akasikiliza pumzi mbili.

"Anakujibu," akanambia. "Anainua nyusi."

Kwao ndiyo ni nyusi kupanda, hapana ni pua kukunjwa. Yule mtoto muda wote alikuwa ananijibu vizuri, kwa adabu, usoni, mimi nikiwa upande wa pili wa waya.

Yule mama akainama kwenye kipaza sauti. Hakumuuliza namba ya nyumba. Akamwambia taratibu, "Sema kwa mdomo, mwanangu, sisi hatukuoni. Wewe mtoto wa nani?"

Mtoto akataja jina la mama yake, halafu la babu. Majina mawili tu. Yule mama keshashika redio: Browerville, nyumba ya kijani ya nyuma, ile yenye fremu ya umiaq nje. Umiaq ni mashua ya ngozi wanayowindia nyangumi, na fremu yake wakati wa baridi huwekwa juu ya vigingi uani. Doria wakajibu kwa neno moja. Walishaijua.

Mimi nikarudi kwa mtoto. Weka shavu lako karibu na pua ya aana. Unasikia hewa?

"Ii."

Ii ni ndiyo yao, na masikioni mwangu ilifanana na ee yetu hadi moyo ukatulia. Nikamwelekeza kumlaza bibi ubavu, goti mbele, mkono chini ya shavu. Amefanya? Ii. Zima jiko. Ii. Washa taa ya qanitchaq, ile sebule ndogo ya baridi unayopitia kabla ya mlango wa ndani, na mlango usiufunge kwa komeo. Ii. Kwa kawaida doria hufika Browerville kwa dakika mbili. Usiku ule walichukua dakika kumi na moja, askari mmoja akitembea mbele ya gari na tochi. Nikamuuliza mtoto habari za mbwa wake. Nikamuuliza birika lilikuwa la nini. La chai ya aana, akasema. Halafu akasema, "Wameingia," akakata.

Upepo haukuruhusu ndege ya wagonjwa. Bibi alilazwa hospitali ya pale pale mjini hadi upepo ulipopungua, ndipo akapelekwa Anchorage, safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Nilikuwa kitandani niliposikia injini zinapita juu ya paa. Uwanja wa ndege umegusana na nyumba za watu.

Sikulala. Nilikuwa na miaka saba nilipopotea soko la Muheza, siku ya gulio. Mama muuza vitumbua alinishika bega akaniuliza swali lile lile, wewe mtoto wa nani, nami nikamtajia baba na mtaa wa babu. Akaacha karai lake la mafuta kwa mwenzake, akanifikisha hadi mlangoni. Hakuna aliyeniuliza namba, na nyumba yetu haina namba hadi leo. Ukitaka kuelekeza mtu unasema shuka kwenye mwembe, uliza kwa bibi fulani. Miaka sita Anchorage nimejizoeza kulisahau swali hilo. Kule ukimuuliza mtoto yeye ni wa nani wanaona unachunguza maisha ya watu. Na ile redio ya upepo niliyoisikia nyuma ya mtoto, nayo nikaielewa vingine. Kila nyumba ninayoijua pale inayo, haizimwi, na anayepatwa na jambo kwenye barafu anasema na mji mzima wanamsikia. Kwetu hilo ni yowe. Mtu akipiga yowe usiku hakuna anayeuliza askari wako wapi, watu wanatoka na walichonacho.

Wiki zilizofuata zilikwenda kwa mbwa waliokata kamba, magari yaliyokwama, na dubu mweupe mmoja aliyeonekana nyuma ya maghala hadi walinzi wakamswaga kuelekea baharini. Katikati ya Januari mwanamume mmoja alikuja kituoni na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na maktak, ngozi ya nyangumi na mafuta yake, imeganda. "Ya yule aliyesema na mtoto," alisema. Aana amerudi nyumbani. Nikasema quyanaq, asante, neno nililokuwa nimeshalizoea, na sauti haikunitoka sawasawa. Nilikata kipande chembamba kama walivyonionyesha. Unatafuna kama nazi iliyokomaa, na mafuta yanakuja baadaye.

Januari 23, saa saba na robo mchana, tulisimama kando ya ziwa dogo na watu wengine kama thelathini, magari yananguruma ili yasigande. Jua likatoa ukingo mwekundu, likakaa chini ya saa moja, likazama. Nikampigia mama, kwao usiku wa manane umepita.

"Shikamoo mama. Jua limetoka."

"Marahaba mwanangu. Kwani lilikuwa wapi?"

Nimesaini mkataba mwingine, naanza Aprili, wakati wa kuwinda nyangumi, wanaume wakiwa wamepiga kambi pembezoni mwa barafu. Kabla sijaondoka yule mama alinichorea mji kwenye daftari, mtaa kwa mtaa, bila namba hata moja: kila nyumba na jina la ukoo, rangi, na kilichowekwa uani. Daftari halitoki chumba cha mawasiliano, na ndivyo inavyopasa. Nilikuwa nikilisoma kila zamu ikitulia, na sasa hapa Anchorage nikiwa kwenye basi nafumba macho naanza upande wa uwanja wa ndege: ya bluu yenye pikipiki mbili za theluji, kwa nani, ya njano yenye pembe za karibuu, kulungu wa kule, mlangoni, kwa nani. Browerville naimaliza yote. Upande wa pili wa mji bado nakwama nyumba ya saba.