Choo kwa ratiba: nilivyoizoea baada ya kuumia uti wa mgongo

Watu wakiniona kwenye wilchea swali lao la kwanza ni utatembea tena lini, wakati mimi kilichonitesa kuliko miguu ni haja kubwa. Niliumia T8 (pingili ya nane ya mgongo usawa wa kifua) kwa ajali ya bodaboda, kuanzia kifuani kushuka sisikii kitu, tumbo likijaa sijui, likifunguka sijui, nastukia harufu tu na watu wameanza kuangaliana.

Sista mmoja wodini ndo alinielewesha vizuri, akasema utumbo haujafa kaka, mawasiliano yake na ubongo ndo yamekatika, kwa hiyo wewe ndo unaupangia saa. Waliopigwa juu kama mimi misuli ya huko nyuma bado inashtuka yenyewe ukiichokoza, ila aliyeumia chini kabisa kiunoni inalegea, huyo mara nyingi inabidi atoe kwa kidole.

Mi nafanya asubuhi, siku moja naruka. Naanza na chai ya moto na uji maana chakula kikigonga tumbo utumbo nao unaamka, nasubiri kama nusu saa ndo nahamia kwenye kiti cha choo. Kiti chenyewe ni cha plastiki nimekitoboa katikati, fundi wa kuchomelea akanitengenezea miguu ya chuma, tundu nimelizungushia sponji nene kwa sababu makalio hayasikii na kidonda kikianza pale utalala kwa tumbo miezi. Navaa glovu, napaka jeli ya kutosha (kucha fupi jamani, glovu inachanika), naingiza kidole taratibu nazungusha kwenye ukuta wa ndani sekunde 15 mpaka 20, natoa, nasubiri dakika 5 hivi hadi 10, narudia mpaka choo kiishe. Huku nasubiri nasugua tumbo kuanzia kulia chini, napanda, navuka kwenda kushoto, nashuka.

Ukikaa siku kadhaa hujapata choo halafu ghafla vinatoka vimaji vimaji usikimbilie dawa ya kuzuia kuharisha, mama mdogo alishaniletea vidonge na maji kabisa nikamwambia mama hapa nimefunga, hayo yanapita pembeni ya kigumu. Na wale wa T6 kwenda juu muwe makini zaidi, kichwa kikianza kugonga na jasho linatoka katikati ya zoezi hiyo ni presha inapanda, acha hapo hapo, kaa wima, isiposhuka wahi hospitali.

Msosi ni papai, mboga za majani, dona na maji, ila maji ongea na daktari kwanza kama unatumia katheta (mpira wa kutolea mkojo). Tramadol, ile dawa kali ya maumivu, nayo inafunga balaa, nikipewa naongeza siku za choo.

Mwanzo wife ndo alikuwa ananifanyia, saizi najimaliza mwenyewe, nipo na simu nasikiliza uchambuzi wa mpira wa jana, anayegonga mlango anaambiwa asubiri.