Nilivyojifunza Kupanga Jumamosi za Watoto kwa Kufuata Maji

Nilizaliwa Lamu, mtaa wa Mkomani, na kwa zaidi ya miaka thelathini niliamini kwamba naijua bahari kwa sababu tu niliiona kila nilipotoka uchochoroni. Kaka zangu walianza kuvua na kupiga mbizi wakiwa wadogo, wakirudi nyumbani na chumvi imewaganda kwenye nyusi, ilhali sisi wasichana tulitembea ufukweni jioni tukiwa tumevaa vizuri na kurudi kabla ya Magharibi. Nilipokuwa mama wa watoto watatu, na mume wangu akapata kazi Mombasa akawa anarudi mara moja kwa mwezi, jukumu la kuwatoa watoto siku za mapumziko likaniangukia mimi, mtu ambaye hakuweza hata kusema maji yatajaa saa ngapi.

Safari yangu ya kwanza ya kujitegemea ilikuwa ya kwenda Takwa, yale magofu yaliyoko kisiwa cha Manda, mwezi wa Februari. Nilimkodi kijana mmoja mwenye mashua ya mashine, naye akaniambia tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, "Dada, saa kumi na mbili kamili tuwe tumeshaondoka, maji yakitoka mle ndani hatupiti." Nilimwitikia vizuri, kisha nikafanya mambo yangu kama kawaida. Asubuhi mahamri yalichelewa kuumuka, kitindamimba wangu akakosa kiatu kimoja, kifungua mimba akakumbuka kwamba ameacha chupa ya maji kwa bibi yake, na tulipofika gatini ilikuwa saa moja na nusu. Mlango wa kuingilia Takwa ni mkono mwembamba wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na tulipoingia maji yalikuwa bado yanatosha, ila nahodha alikuwa akiyatazama zaidi ya alivyotazama mbele. Alituomba tusizidishe nusu saa. Sisi tulikaa saa nzima, kwa sababu watoto waliwahi kuufikia ule msikiti mkubwa wenye nguzo iliyosimama juu ya kibla, wakaanza kubishana kuhusu aliyeijenga alipandaje.

Tuliporudi mashuani, tulikwenda hatua chache tu ikakwama. Kijana alishuka akasukuma kwa bega, akajaribu upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, kisha akakaa kwenye ukingo wa mashua na kutuambia kwa adabu kubwa kwamba tusubiri. Tulikwama tangu saa tatu na robo hadi saa nane mchana. Kwa muda wa saa tano kasoro tuliyaona maji yakiondoka mpaka ikabaki mizizi mitupu na tope lililokuwa likitoa mapovu, na vikaa vidogo vyenye gando moja kubwa wakatoka kwenye vishimo vyao wakawa wanatupungia. Maji ya kunywa yalikwisha saa tano. Nilifunga leso mbili juu ya upondo tukapata kivuli cha kutosha vichwa vinne, na mbu wa mikokoni, ambao hawajui kwamba mchana ni wakati wa kulala, wakatushughulikia miguu. Kitindamimba, aliyekuwa na miaka mitano, aliuliza swali moja mara nyingi kupita kiasi: "Mama, nani ameyanywa maji?" Nahodha hakunilaumu hata kidogo, na hilo lilinitia haya kuliko kama angenifokea.

Kesho yake nilikwenda kwa ami yangu, ndugu yake baba, ambaye zamani alikuwa nahodha wa jahazi la kupeleka boriti Mombasa. Baada ya shikamoo na kahawa nilimweleza yaliyotupata, naye akaniuliza swali moja tu: "Mwezi ulikuwa ngapi?" Nikamtajia tarehe ya Kizungu. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akanifafanulia, kwa uvumilivu ambao sikuustahili, jambo ambalo mtoto wa kiume wa miaka kumi hapa kwetu analijua: kwamba maji huhesabiwa kwa mwezi wa angani, yaani mwezi wetu wa Kiislamu, na kwamba kila siku hujaa yamechelewa kama dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama na unapotimia huwa ni bamvua, na siku hizo maji hujaa sana kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa sana kati ya saa nne na saa tano na ushei asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, mkondo hupungua nguvu, na kujaa kwake huangukia saa nne au saa tano asubuhi. Sisi tulikwenda mwezi kumi na sita. Maji yalikuwa yamejaa saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo wakati mahamri yangu yanaumuka yalikuwa tayari yanatoka.

Nilinunua daftari la shule, nikachora safu tatu: tarehe ya kalenda, tarehe ya mwezi, na saa ya maji kujaa. Nilipojaza Jumamosi za miezi mitatu mfululizo niliona jambo ambalo ami hakuwa amelitaja, pengine kwa sababu yeye hakuwahi kufungwa na Jumamosi. Kwa kuwa kutoka bamvua hadi maji mafu ni kama siku saba na kitu, Jumamosi hupokezana: hii ikiwa ya bamvua, ijayo ni ya maji mafu, na inayofuata ni ya bamvua tena. Zamu hizo husogea taratibu, na baada ya miezi minne na nusu hivi hugeuka kabisa, lakini kwa muhula mmoja wa shule unaweza kuzitegemea. Tangu hapo sikuuliza tena "twende wapi wiki hii," bali nililifungua daftari.

Jumamosi ya bamvua ikawa ya kutembea. Asubuhi maji yakiwa yametoka, njia ya ufukweni kuelekea kijiji cha Shela, ambayo maji yakijaa hufunikwa sehemu kubwa, huwa wazi na ngumu kama sakafu, na kwa watoto ni mwendo wa saa moja hivi ukihesabu vituo, ingawa mtu mzima peke yake huumaliza kwa dakika arubaini. Vituo ndiyo safari yenyewe. Binti yangu wa kati ana macho ya kuona vitu vidogo, na ndiye aliyetufundisha kuinama. Siku moja alituita kwenye kidimbwi kisichozidi ukubwa wa sinia ambamo gamba la konokono lilikuwa likitembea. Alilichukua, akaliweka kiganjani, akatulia bila kupumua, mpaka ikachomoza miguu miwili, kisha macho, kisha kaa mzima aliyehamia nyumba isiyo yake. Tuliona pia kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, na jongoo bahari, nami nikaweka sharti kwamba kila kilichookotwa kikiwa hai kirudishwe palepale kilipotoka, na jiwe lililogeuzwa ligeuzwe tena. Sharti la pili lilikuwa la viatu vya mpira vya kufunga, na la tatu, nililopewa na ami, ni kuburuza miguu unapokanyaga mchanga wenye maji, kwa sababu samaki aitwaye taa hujifukia humo na akisikia mburuzo huondoka mwenyewe kabla ya kukanyagwa.

Tukifika Shela watoto huomba kupanda vilima vya mchanga na kubingirika. Mwanzoni niliwaacha, ila baadaye nilipunguza, kwa sababu vilima vile ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji wa Lamu chini yake, na majani machache yaliyoota juu yake ndiyo yanayoushika mchanga. Nimewaonyesha sehemu moja tupu ya upande wa ufuo wanapoweza kubingirika watakavyo. Kwa kweli wanairudia hiyohiyo kila mara, na sijui kwa nini nilidhani wangelalamika.

Jumamosi ya maji mafu ikawa ya kuogelea. Kwa Jumamosi za aina zote mbili kulikuwa na kikwazo kimoja cha nchi kavu, maana wanangu husoma chuoni, yaani madrasa, Jumamosi na Jumapili asubuhi, na maji mafu hujaa saa nne, wakati uleule ambao maji ya bamvua hupwa. Nilikwenda kwa mwalimu wao, nikamweleza hesabu yangu ya daftari, nikaomba kila Jumamosi watoto wasome baada ya Magharibi badala ya asubuhi. Alikubali kwa sharti kwamba wasirudi wakisinzia, na akaongeza kwamba kuogelea ni katika mambo ambayo mzazi anapaswa kumfundisha mtoto. Nilikuwa nimejitayarisha kubishana, nikajikuta sina la kusema ila ahsante.

Wifi yangu ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa maji, na mwanafunzi mzito kuliko wote nilikuwa mimi. Tulichagua pembe tulivu mbali na mashua, nami nikajifunza kuelea chali, nimevaa dera na suruali, nikiwa na miaka 36, huku mwanangu wa kwanza akinishika kisogo na kuniamrisha nilegeze shingo. Kwa watoto nilinunua jaketi za kujiokolea za vipimo vyao wenyewe. Nasisitiza hili kwa kuwa mashua nyingi za kukodi hapa kwetu zina jaketi za watu wazima tu, na mtoto wa miaka mitano ndani ya jaketi ya mtu mzima hutoka kwa chini kama embe lililotoka kwenye gunia. Nililijaribu hilo kwenye maji ya kiunoni, mwanangu akacheka, mimi sikucheka.

Hayo yote ni ya wiki kwa wiki, lakini juu yake kuna upepo, ambao hufuata hesabu yake tofauti. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huifanya bahari kuwa safi na mwaka mzima hakuna wakati mzuri zaidi wa kwenda mbali. Likizo ya Desemba ndiyo tunapochanga fedha na familia ya kaka yangu twende kisiwa kidogo cha Manda Toto kutazama matumbawe kwa miwani ya kuzamia. Tunaondoka mapema sana, kwa sababu mchana upepo huzidi na kurudi kunakuwa kwa kulowana. Masika sina mengi ya kusema: mvua inanyesha, vichochoro vinageuka mito ya mbolea ya punda, nasi tunakwenda ngomeni. Ngome ile iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 ilitumika kama gereza hadi 1984, na babu yao huwasimulia walivyokuwa wakipita nje yake wakinong'ona. Sasa ni makumbusho, na wanangu hukimbia kwenye ngazi zake bila kunong'ona hata kidogo.

Kusi ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa kuwa likizo ya Agosti huangukia humo, na bahari ya nje huwa na mawimbi ambayo sitaki kuwapeleka watoto. Nilichofanya ni kuipa bahari kisogo. Tunatoka alfajiri kwa miguu kuelekea Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, na kitindamimba hupanda punda tunayeazimwa na jirani. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi kupitia mashamba na minazi, na upepo wa kusi, ambao baharini ni adui, njiani hutupepea. Matondoni mashua huundwa na kukarabatiwa, na mafundi wake hawakasiriki ukikaa kimya. Mwanangu wa kwanza alitazama kalafati kwa muda wa asubuhi nzima: fundi akisokota pamba iliyolowa mafuta, akiilaza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, akaigonga kwa patasi butu, tok tok, tok tok, kisha anasogea upana wa vidole vinne na kuanza tena. Alipoulizwa kama anataka kujaribu, alipewa mwanya mmoja. Fundi aliutazama, akaikwangua pamba yote, akamrudishia nyundo. Mara ya tatu aliiacha. Mwanangu mpaka leo anaiulizia mashua ile kama mtu anavyoulizia jamaa aliyesafiri. Binti yangu alikaa barazani na kina mama waliokuwa wakisuka ukili wa miaa, akarudi na ukanda uliopinda kama nyoka ambao bibi yake ameutundika ukutani.

Takwa tulirudi, mwaka mmoja baadaye, siku ya mwezi kumi na mbili. Maji yalikuwa yanajaa saa nane na dakika chache mchana, basi tuliondoka mjini saa tano tukiyafuata yakipanda, tukala chini ya mbuyu tukiwa na muda wa kuzunguka nyumba na kuta kwa utulivu, na kufika saa nane na nusu tulikuwa tumeshapanda mashuani. Ubaya wa siku kama hiyo ni jua la utosini, na nisingeishauri kwa aliye na mtoto mchanga. Nahodha alikuwa yuleyule, na aliponiona nimefika gatini robo saa kabla ya wakati alitazama saa yake mara mbili. Tulipopita mahali tulipokwama, mizizi ilikuwa imezama yote na matawi yakigusa maji. Kitindamimba alichungulia ukingoni kwa muda, kisha akasema, "Ameyatapika."

Jumamosi ijayo ni mwezi ishirini na mbili, maji mafu, yakijaa saa nne na nusu. Wifi amesema atakuja, na binti yangu, ambaye sasa ndiye anayejaza daftari, ameandika pembeni kwamba mimi bado sijui kupiga mbizi.