Mkono wa kutembelea

Saa tano usiku, stima imerudi, na bado naisikia sauti ya Baba. "Mkono wa kutembelea unao, wa kusalimia huna?"

Ni maneno saba. Nimeyahesabu. Nimeyasikia nikikata kitambaa, nimeyasikia kwenye matatu ya Kondele hapa Kisumu, na Jumatano usiku niliamka kunywa maji nikayakuta yananingoja jikoni. Alinena hivyo Jumamosi ya wiki iliyopita, mlangoni pa nyumba ya Migosi, wageni wakiwa tayari wameketi chini ya hema.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimetoka mikononi mwa Baba mdogo, na mnajua anavyosalimia: anabana, anatikisa, halafu anabana tena. Kifundo cha mkono wangu wa kulia kikawaka moto mpaka kwenye kiwiko. Hatua tatu mbele, Baba akaninyoshea mkono, nami bila kufikiri nikampa wa kushoto. Wa kushoto, kwa baba yangu mzazi, mbele ya watu. Aliuangalia kwanza. Hakuupokea papo hapo. Ndipo akayasema hayo, polepole, kwa kile Kiswahili chake cha karakana ya reli, akanishika ncha za vidole na kuniachia. Nikasema, "Baba, wa kulia unauma." Lakini alikuwa ameshageuka kuwapokea wazee wa upande ule mwingine. Sijui kama alisikia.

Mahari ya dada ilizungumzwa ikaisha salama, watu wakala, Mama akalia kidogo, na mimi siku nzima nilikuwa nikibeba masinia kwa mkono mmoja huku nikiutafuta uso wa Baba.

Kifundo chenyewe kimeniuma tangu mwishoni mwa Januari. Wale mnaonifuata tangu mwaka jana mnakumbuka nilivyofurahi nilipoweza kusimama kwa mikono bila ukuta. Baada ya hapo sikujizuia. Nilisimama kila asubuhi kwenye saruji ya veranda kabla ya kwenda dukani, na jioni pushapu juu yake. Nina kilo 62. Nikisimama kwa mikono, kila kifundo kinabeba kilo 31 kikiwa kimekunjwa nyuma karibu pembe mraba, na kila ninapokaribia kuanguka ni vidole na kifundo hichohicho vinavyosukuma sakafu kunirudisha. Halafu nafungua duka, nashika mkasi mkubwa, nakata khaki mpaka saa kumi na moja. Sikuwahi kuziweka kazi hizo mbili kwenye hesabu moja.

Jumatatu nilikwenda kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo. Kijana mpole, mikono baridi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuniambia ninyanyue kidole gumba, kisha akabonyeza kile kishimo kinachojitokeza chini yake, upande wa kifundo. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema kifundo kina mifupa midogo 8, na mmoja wao uko hapo chini. Mtu akiangukia kiganja unaweza kupata ufa, na picha ya kwanza ya eksirei wakati mwingine haiuonyeshi. Alibonyeza kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Hapakuuma. Maumivu yangu yako nyuma, katikati, kiganja kinapokunjwa hadi mwisho. Akasema hapo tishu zinabanwa na zimechoshwa. Misuli yangu imepata nguvu kwa wiki chache, lakini kano na mishipa inayoshikilia mifupa hutaka miezi, na mimi sikuipa.

Nilidhani ataniambia niache. Sikujua nilivyoogopa hilo mpaka aliposema nisiache. Nipunguze. Kwa sasa nisisimame na viganja bapa sakafuni. Pushapu nipige kwa ngumi au kwenye vishikio vya chuma, ili kifundo kinyooke. Zoezi la kukaza tumbo nilifanye kwa kuegemea viwiko, vifundo vipumzike. Asubuhi nipige magoti, viganja sakafuni, niegemee mbele taratibu mpaka nihisi mvuto tu, nirudi. Jioni niuzamishe mkono kwenye ndoo ya mchele mkavu, nifumbe na kufumbua vidole humo ndani. Na kesho yake niulize mkono: ukiuma kuliko jana, nilizidisha. Pakivimba au vidole vikifa ganzi, nirudi kwake mara moja.

Fundi mmoja wa jua kali pale Kibuye alinichomea vishikio kwa mabomba mawili. Kabari niliishona mwenyewe, kwa sababu nilitaka pia kitu cha kuweka chini ya kisigino cha kiganja, mkono uteremkie vidoleni na kifundo kisikunjwe sana. Ya kwanza niliijaza vipande vya sweta. Makosa. Ilizama, kiganja kikazama nayo, kifundo kikakunjwa vilevile na juu yake kikawa kinayumba. Nikaifumua. Ya pili ni khaki tupu, tabaka juu ya tabaka, nimeipitisha cherehani mara nyingi hadi sindano mbili zikavunjika, na sasa ni ngumu kama ubao. Naipenda kabari hii. Iko hapa mezani ninapoandika.

Lakini usiku bado narudi mlangoni Migosi. Alikuwa anatania? Baba hutania, ila akitania hunyanyua kidevu, na siku ile hakukinyanyua. Aliumia? Kama aliumia angeniita pembeni. Hajawahi kumsema mtoto wake mbele ya wageni. Au ndiyo mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo? Nimejaribu kuyasema kwa sauti yake nikiwa peke yangu dukani. Nikikazia "huna", yanachoma. Nikikazia "unao", ni kitu kingine kabisa.

Jambo hilo la "unao" lilinijia Alhamisi, na sijui kwa nini lilichelewa hivyo. Krismasi nilitembea kwa mikono kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye tangi la maji, wapwa zangu wakipiga kelele. Baba alikuwa kwenye kiti chake chini ya mwembe na gazeti. Nilidhani anasoma. Nilipoteremka akasema, "Kumi na moja." Nikauliza, "Kumi na moja nini, Baba?" Akasema, "Hatua." Akarudi kwenye gazeti lake. Neno kutembea ni lake. Mimi husema kusimama, fizio anasema kusimama, kila mtu anasema kusimama. Ni Baba peke yake aliyeiona mikono yangu ikitembea, na akahesabu. Basi pale mlangoni, hata kama alikuwa na kinyongo, alikuwa anaukumbuka mkono huo na kazi yake.

Alhamisi hiyo hiyo nikatoka kwenye veranda na vishikio. Nilikuwa nimepiga magoti yangu, nimechezea mchele wangu. Nikarusha miguu. Ukaja ule utulivu ninaoupenda, mwili wote ukikaa juu ya mabega, na kifundo kimya. Kimya kabisa! Sekunde 14, binti wa jirani akihesabu kwenye simu yake. Niliteremka nikaketi sakafuni nikacheka peke yangu. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeshaanza kujizoeza kuwa mtu aliyewahi kusimama kwa mikono.

Kwa hiyo leo, Jumapili, nikaenda Migosi na mpango. Nilikuwa nimeufikiria njia nzima. Nitaingia, nitampa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukishika kiwiko kama alivyotufundisha, na nitasema, "Baba, shikamoo, huu hapa wa kusalimia." Nilikuwa hata nimeuvua ule ukanda wa kufungia kifundo nikautia mkobani, asiuone.

Nikamkuta uani amepiga magoti kando ya baiskeli ya jirani, mnyororo umelala kwenye gazeti, mikono yake yote miwili myeusi kwa grisi mpaka juu ya vidole. Akainua macho. Nikanyosha mkono wangu wa kulia, wote, kiganja wazi. Naye akakunja ngumi, akaigeuza chini, akanipa kifundo.

Ndivyo alivyotusalimia miaka yote ile alipokuwa akitoka karakana. Tulikuwa tunamkimbilia mpaka kwenye lango, naye anatandaza mikono mbali na sare zetu za shule na kutupa vifundo tushike, mmoja mmoja, kwa zamu. Nilikuwa nimesahau. Kifundo chake sasa ni chembamba, ngozi inateleza juu ya mfupa, lakini joto lake ni lilelile. Nilikishika kwa mkono wa kulia. Sikusema sentensi yangu. Yeye akasema, "Nishikie hilo gurudumu," nikalishika, akarudisha mnyororo, akaniuliza kama mvua ilinyesha upande wetu jana. Nikamwambia ilinyesha.

Nilipokuwa naondoka nilimuuliza Mama kama Baba alisema lolote juu yangu baada ya wageni kuondoka. Akafikiri, kisha akasema alilalamika tu kwamba chai ilikuwa na sukari nyingi.

Nimerudi jioni nikapitia dukani kuangalia ile oda ya sare 140. Tumeshakata sketi 60 kutoka jora la kwanza la maruni. Jora la pili lililetwa Ijumaa, nami sikulifungua kwa sababu ya haraka. Leo nimelifungua nikaliweka kando ya sketi, na chini ya taa naona kama limekoza zaidi. Nimeleta hapa nyumbani kipande cha kila jora. Chini ya taa hii yanafanana. Karibu na dirisha hayafanani. Aliyeniuzia hapokei simu, na shule inataka mzigo wote Ijumaa, kwa hiyo lazima nisubiri jua litoke ndipo nijue.