Daraja la zamani la Forth

Jana nimevuka kwa miguu daraja la zamani la barabara juu ya mlango wa mto Forth, huku Scotland. Tangu lile jipya la Queensferry lifunguliwe 2017, magari binafsi na malori hayaruhusiwi tena hapa. Limeachiwa mabasi, teksi, baiskeli na sisi waenda kwa miguu. Mwanzo niliona limeonewa, daraja lililobeba watu tangu 1964! Kumbe lilichoka kweli. Desemba 2015 lilifungwa baada ya chuma chake kupatikana na ufa.

Nikashika ukingo, baridi ikanipenya hadi mfupani. Basi likapita, mtetemo nikausikia viganjani. Kisha upepo tu, na kule mashariki daraja jekundu la reli, garimoshi likikatiza taratibu. Nilisimama pale nusu saa nzima.