Jinsi nilivyochambua majani ya uani kwa ajili ya kobe wetu

Asubuhi ile nilimkuta Mwendapole kando ya karai la maji, jicho la kulia limefumba, kope imevimba kama punje ya kunde iliyolowekwa. Upande uleule wa gamba palikuwa na matone meupe yaliyoanza kukauka na kunata. Usiku mbuzi walikuwa wamevunja uzio wetu wa minyaa, naye kwa kupenda vivuli akajipenyeza chini ya matawi yaliyovunjika.

Mama alimshika, mimi nikawa namimina maji safi kwa kikombe, kidogo kidogo, karibu dakika 20. Daktari wa mifugo alipofika alimpa dawa ya macho, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, utomvu wa mnyaa unapofusha. Na kama ameumeza, hutajua leo. Chakula cha kobe hukaa tumboni siku nyingi, na sumu yake huchelewa kujionyesha." Akatazama bustani yetu. "Hii mimea mingine unaijua yote?"

Sikuijua. Jicho lilifunguka baada ya siku 4, lakini swali lile halikuniacha.

Mwendapole ni kobe wa madoadoa meusi na manjano, wale wakubwa wa nyika zetu. Tunaye kwa kibali, na nalisema hili mapema kwa sababu mnyamapori hafugwi bila kibali, hata akiingia mwenyewe uani. Kibali kina jina la baba, ila siku hizi baba haoni vizuri, na kazi ya kumlisha imekuwa yangu. Tuko Miyuji, hapa Dodoma. Nyumba ilikuwa na maua tangu tulipohamia, mengine ya kununua kwenye vitalu vya barabarani, mengine yameota yenyewe.

Nilianza kwa kuuliza majirani. Kila mtu alinipa jina, na karibu kila mtu aliongeza, "Huo hauna shida, mbuzi wanakula." Nikaja kujua kwamba mbuzi si shahidi wa kobe, na majina nayo yana matatizo yake. Ukisema mlenda, kwa mmoja ni mmea huu, kwa mwingine ni ule. Nikanunua daftari kubwa. Kila mmea nilikata tawi lenye jani, ua, na tunda kama lipo, nikalikausha katikati ya magazeti, nikaandika limetoka pembe gani ya ua na utomvu wake ni wa rangi gani. Rafiki yangu anayefundisha biolojia alinisaidia kupata majina ya kisayansi, maana hayo hayabadiliki kutoka nyumba hadi nyumba.

Mwanzoni nilijitungia kanuni: chenye utomvu mweupe kitupwe. Haikudumu wiki. Mchunga hutoa maziwa meupe ukiuvunja, na ni chakula kizuri cha kobe. Mnyonyo hautoi maziwa, lakini mbegu zake ni sumu kali. Utomvu ulinisaidia mahali pamoja tu: kutenganisha mpungate, ule wa mabamba mapana yenye miiba, na jamii ya mnyaa inayofanana na kaktasi. Mpungate ukiukata hutoa maji maji yasiyo na rangi. Nikishaondoa miiba yote, pamoja na ile midogo kama vumbi, namkatia kipande mara mojamoja.

Aliyenifungua macho ni baba. Nilimpelekea majani kibarazani, akawa anayasugua moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Jani la mlenda likateleza. La bamia likateleza. La choya likateleza kidogo. Nikampa jani la haibiskasi la kwenye ua wa mbele, akalisugua mpaka likatoa ute. "Hawa ni ndugu," akasema. Nilipomweleza yule mwalimu, akathibitisha: wote wanne wako katika familia moja. Leo majani na maua ya haibiskasi na choya ndiyo Mwendapole anayoyapenda kuliko yote. Ila undugu si ruhusa ya jumla: pamba nayo ni ya ukoo huo, na ina sumu yake.

Kwa njia hiyohiyo nikapata ukoo wa kuuogopa. Pale getini tulikuwa na oleanda, majani membamba magumu yanayotoka matatu matatu kuzunguka shina, mshipa wa kati umekolea weupe. Kwenye chungu palikuwa na waridi la jangwani, shina nene lililovimba chini na maua ya waridi. Kwa macho havifanani hata kidogo. Kumbe ni familia moja, na vyote vina sumu inayoshika moyo. Oleanda niling'oa na kufukia, sikuacha hata jani moja lililokauka, kwa sababu likikauka bado linaua. Chungu nilikipandisha juu ya ukuta. Lantana nayo niliing'oa.

Mboga zetu zilinisumbua zaidi, kwa kuwa tunazila wenyewe. Kisamvu na mnavu sisi tunapika, kobe hapiki, kwa hiyo hapewi. Majani ya nyanya pia hapana. Mchicha na spinachi nampa kidogo sana, maana vina asidi inayofunga madini ya chokaa, na gamba na mifupa yake vinayahitaji madini hayo. Porini kobe wa aina yake hutafuna hata mifupa mikavu kuyapata. Majani ya maboga na matembele anapata kwa zamu. Chakula chake kikubwa ni nyasi, ukoka hasa, na kiangazi nyasi kavu.

Jirani yetu, mzee mwenye zabibu, aliniita siku moja kwa salamu ya Kigogo. "Mbukwa! Njoo uchukue majani, nimepogoa." Majani ya mzabibu yanamfaa kabisa, nikashukuru, nikainama kuyakusanya, nikaona unga wa njano umeganda kwenye mishipa. "Babu, umepiga dawa lini?" Akajibu, "Salfa, juzi tu, kwa ajili ya ukungu." Nikayaacha. Akanikatia pingili mbili, nikazipanda nyuma ya jiko, hazijawahi kuona dawa.

Daftari sasa lina mimea 31. Mmoja bado hauna jina, ule wa maua ya zambarau chini ya tangi. Mwalimu anasubiri uzae tunda, nami nimeuzungushia waya.