Mwizi hajulikani kwa taya

Katika Soko la Majengo hapa Dodoma nimewasikia wauza zabibu wakimnyooshea kidole kijana aliyesimama karibu na meza zao, wakisema kwamba macho yake mekundu na taya lake pana vinatosha kumtambulisha kuwa ni mwizi. Bila kujua, wanarudia nadharia ya daktari wa Italia, Cesare Lombroso, aliyedai mwaka 1876 kwamba wapo watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba alama za mwilini, kama vile taya kubwa na mikono mirefu, huwafichua. Mwaka 1913 Charles Goring, daktari wa magereza nchini Uingereza, alichapisha vipimo vya wafungwa takribani 3,000, akavilinganisha na vya watu wasio wafungwa, wakiwamo wanafunzi na askari, na hakuliona umbo hilo la kihalifu (ingawa naye aliendelea kuamini kwamba wahalifu hurithi akili dhaifu, jambo ambalo wanaomsifu husahau kulitaja).

Mimi naegemea zaidi kwa Cesare Beccaria, mwanafikra wa sheria wa Milan, Italia, aliyeandika mwaka 1764 kwamba adhabu ya haraka na ya hakika huzuia uhalifu kuliko adhabu kali, kwa kuwa mtu hupima faida na hasara kabla ya kutenda. Hata hivyo, kwa mlevi anayerusha chupa kilabuni usiku, sioni hesabu hiyo ikipigwa.