Juu Pameandikwa Nini?

Juzi kwenye kikao cha wazazi, karatasi ya mahudhurio iliponifikia, binti yangu akaniuliza kwa nini mimi naandika maneno mengi wakati wenzangu wanatia saini na kupitisha. Kweli niliandika jina, tarehe, na mbele yake "nimehudhuria kikao cha wazazi". Nikamwambia nitakueleza nyumbani. Kufika nyumbani yeye kashasahau, na mimi sikulala.

Ni habari za Bibi yangu, aliyekuwa msukaji wa mikeka ya ukindu.

Ilikuwa miaka ile ya mibono, mimea ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta. Mafuta yalipanda bei duniani kote, mwaka 2008 pipa moja likapita dola 140, na makampuni ya nje yakaja kwetu kutafuta ardhi ya kupanda mibono na miwa ili magari yao yapate mafuta. Waliokuwa Kisarawe, Kilwa, Rufiji na Bagamoyo watakumbuka. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nipo likizo kwa Bibi, nasaidia kupalilia mikorosho.

Mbiu ikapigwa jioni, asubuhi watu wakajaa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Wageni walitoka wilayani, na pamoja nao wenye kampuni na kijana wa kuwatafsiria. Tukaahidiwa zahanati, kisima, barabara na ajira kwa vijana. Eneo wanalolitaka, walisema, ni pori tu, halitumiki.

Bibi akaguna. Pori hilo ndiko alikokata ukindu maisha yake yote. Ndiko kulikokuwa na kuni, dawa na makaburi ya wazazi wake. Na sehemu kubwa haikuwa pori hata kidogo, yalikuwa mashamba yaliyopumzishwa. Shamba likipumzishwa miaka kadhaa linaota vichaka, na mgeni anayelitazama kutoka kwenye gari hawezi kulitofautisha na msitu. Sisi tunajua ni la nani na linaishia kwenye mkwaju upi. Mzee mmoja alisimama akauliza ni eka ngapi zinazotakiwa. Akajibiwa kwamba vipimo ni kazi ya wataalamu, vitakuja.

Kisha likaletwa kaunta buku.

Karani kijana alipita nalo safu kwa safu, mkono mmoja kalamu, mwingine kibati cha wino wa muhuri kwa wasiojua kuandika. Watu walikuwa wamechoka na jua, wakawa wanasaini haraka haraka. Lilipotufikia, karani alishika dole gumba la Bibi mwenyewe, akalikandamiza kwenye wino, akalielekeza kwenye mstari. Bibi akakaza mkono.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "juu pameandikwa nini?"

Nikainama kutazama. Kulikuwa na mistari, namba pembeni, majina, na madole ya zambarau yaliyochovywa mpaka mengine yamevuja. Juu ya ukurasa palikuwa patupu.

"Hapajaandikwa kitu, Bibi."

Akarudisha mkono. Dole lilikuwa tayari limelowa wino, na yeye akaliinua juu, mbali na kanga yake, mbali na kitabu. Lilikuwa dole lenye mipasuko ya ukindu, mipasuko myeusi ya rangi za kuchovyea isiyotoka hata kwa sabuni, na sasa wino ulikuwa unaingia humo humo. Alilishika hivyo hivyo hewani muda wote wa mabishano.

"Bi mkubwa, ni mahudhurio tu," karani alisema. "Weka, watu ni wengi."

"Kama ni mahudhurio, mwanangu, andika mahudhurio. Mimi sijui kusoma, lakini huyu anajua."

Karani akageuka kutazama meza kuu. Mmoja wa wageni akasema kwa sauti kwamba kichwa cha habari kitaandikwa ofisini.

"Ofisini mimi sitakuwepo," Bibi akajibu.

Watu wakanyamaza. Mwenyekiti, ambaye Bibi ni shangazi yake wa damu, akaja mpaka tulipokaa, akachutama, akamwomba kwa upole: "Shangazi, usituaibishe mbele ya wageni." Bibi hakumkaripia. Alimwuliza tu, "Wageni wakiondoka na hiki kitabu, baba, sisi tunabaki na nini mkononi?" Mwenyekiti hakuwa na jibu. Namkumbuka alivyoinamisha kichwa, na mpaka leo naamini naye alikuwa amebanwa.

Mwishowe karani akanipa mimi kalamu, kwa hasira. Nikamwuliza Bibi niandike nini. Akasema: "Andika tumekuja kusikiliza." Nikaandika juu ya ukurasa kwa herufi kubwa, WALIOKUJA KUSIKILIZA, na tarehe. Hapo ndipo alipoweka dole, akalibiringisha upande hadi upande. Waliokuwa nyuma yetu wakataka ukurasa huo huo. Wachache waliokwisha kusaini mbele wakainuka nao wahamie kwetu, wakaambiwa haiwezekani, wameshasaini.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Bikoni, zile alama za mipaka, zikasimikwa hadi ndani ya mashamba ya watu. Wazee wakaenda wilayani kuuliza, wakaonyeshwa muhtasari unaosema mkutano mkuu wa kijiji uliridhia kutoa ardhi. Umeambatanishwa na kurasa za saini. Mjomba, aliyekuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, alizishika kwa mikono yake. Kurasa za mwanzo zilikuwepo, na kichwa cha habari kimeshaandikwa. Ukurasa wetu haukuwemo.

Nilipokuwa mkubwa niliitafuta Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, nikaisoma kwa uchungu. Nilidhani nitakuta imetuacha. Kumbe imeandika wazi kuwa halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, yaani isiyosimamiwa tena na kijiji, ili mwekezaji apewe, eneo lisilozidi hekta 250, yaani zaidi kidogo ya eka 600, ni mkutano wenyewe unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi unakuwa wa Waziri, baada ya kusikiliza kijiji. Na fidia sharti ikubaliwe kabla ya ardhi kuhamishwa. Kwa hiyo wale watu chini ya mwembe walikuwa na nguvu kuliko walivyoambiwa. Nguvu hiyo ilitakiwa ionekane mahali pamoja tu, kwenye karatasi, na karatasi hawakuishika wao. Hilo linaniuma kuliko ahadi zote za zahanati.

Fidia ilihesabiwa kwa miti: mkorosho bei yake, mnazi bei yake. Ardhi yenyewe haikuhesabiwa, wala ukindu, wala makaburi. Kampuni ilipanda mibono kwenye sehemu ya eneo, ikaajiri vijana, kisha fedha zikaisha na vijana wakarudishwa nyumbani. Tulidhani mashamba yatarudi. Hayakurudi, kwa sababu ardhi ikishakuwa ya jumla haimo tena mikononi mwa kijiji, hata mwekezaji akiondoka.

Mjomba anaamini Bibi alisaidia. Anasema wazee walipolalamika, habari ya ukurasa uliopotea ndiyo iliyowafanya wa wilayani waache kuwaita waongo. Mimi namsikiliza, ila nikiuliza ni eka ngapi zilizookolewa, hanitajii hata moja. Bibi mwenyewe hakuwahi kulizungumzia jambo hilo mpaka anafariki.

Sasa kijiji kimefanyiwa mpango wa matumizi ya ardhi kwa eneo lililobaki, na watu wanapimiwa ili wapate hati za hakimiliki ya kimila. Ni jambo jema, nimelipigania kwa maneno na kwa nauli yangu. Mama amekataa. Shamba lake limepimwa, majirani wamekubali mipaka, imebaki saini yake. Nilikwenda nikamsomea fomu yote, kuanzia kichwa cha habari, jina lake, mpaka wa mashariki na wa magharibi. Nikamweleza kwamba shamba lisilo na hati ni rahisi zaidi kuchukuliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza fomu ikishasainiwa inakwenda kukaa wapi.

Nikamwambia nakala yake atabaki nayo, na nyingine inakwenda wilayani kusajiliwa.

"Ofisi ile ile?"

Ni ile ile. Kaka zangu wananisukuma nimshawishi kabla zoezi halijafungwa, na mimi bado sijapata la kumwambia.